Mchekeshaji anakamatwa, guru mbakaji anapewa parole: ukimya wa Bollywood na wa sisi mashabiki wake

Ndugu wanajukwaa,

Naomba mnivumilie, maana uzi huu ni mrefu na nimeuandika kwa uchungu. Kila mtu anapogusa siasa au imani za India humu ndani, mashabiki wa filamu za Kihindi humjibu kwamba hayo hayatuhusu, kwamba sisi tutazame filamu, tusikilize nyimbo, na Wahindi tuwaachie mambo yao. Majibu hayo yamenichosha. Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake filamu, siasa na imani vimefungwa fundo moja, na anayekifuata hadi mwisho sidhani kama ataendelea kusema kwamba anatazama burudani tupu.

Januari 2016 polisi wa jimbo la Haryana walimkamata mjini Mumbai mchekeshaji wa televisheni aitwaye Kiku Sharda. Kosa lake lilikuwa kwamba, katika kipindi kilichorushwa mwishoni mwa Desemba, alivaa mavazi ya kumetameta, akabandika ndevu, akamwigiza Gurmeet Ram Rahim Singh, kiongozi wa jumuiya ya kiroho iitwayo Dera Sacha Sauda yenye makao makuu mjini Sirsa. Wafuasi wa guru huyo walilalamika kwamba hisia zao za dini zimeumizwa, na malalamiko hayo yakatosha kumtoa mtu kwake, kumsafirisha hadi jimbo jingine na kumpandisha kizimbani. Sharda aliomba radhi, akatoka kwa dhamana. Mzaha wa dakika chache uliishia mikononi mwa dola.

Sheria iliyotumika ni kifungu cha 295A, kilichotungwa na Waingereza mwaka 1927, kinachompa kifungo cha hadi miaka mitatu mtu anayekashifu dini ya wengine kwa makusudi na kwa nia mbaya. Wakoloni waliondoka, kifungu kikabaki, na hata sheria mpya ya jinai ilipoanza kutumika Julai 2024 kilihamishiwa humo kikapewa namba nyingine. Sina ugomvi na nia ya kuzuia watu kuchinjana kwa sababu ya matusi ya dini, kwani India imezika watu wengi mno kwa sababu hiyo. Ugomvi wangu ni juu ya nani anaguswa na kifungu hicho na nani haguswi. Huyu huyu Ram Rahim alishtakiwa kwa kifungu hicho hicho mwaka 2007 katika jimbo la Punjab, baada ya kujitokeza mbele ya wafuasi wake akiwa amevaa kwa namna ambayo Masingasinga waliiona kuwa ni kumwigiza Guru Gobind Singh, mmoja wa magwiji kumi wa dini yao. Yalizuka machafuko makubwa. Kesi ilifunguliwa, ikasuasua kwa miaka, mwishowe ikafutwa, wala hakuhukumiwa kwa hilo hata siku moja. Mchekeshaji aliyemwigiza guru alikamatwa, lakini guru aliyedaiwa kumwigiza mtukufu wa dini ya watu wengine aliendelea kupokea wanasiasa ukumbini kwake.

Na walimjia kwa zamu. Katika uchaguzi wa Punjab wa mwaka 2007 Dera iliunga mkono chama cha Congress. Katika uchaguzi wa Haryana wa mwaka 2014 iliwatangazia wafuasi wake waipigie kura BJP, chama cha Waziri Mkuu Narendra Modi. Nasema hivi mapema ili asitokee mtu wa kunigeuzia uzi huu kuwa ushabiki wa vyama, kwa sababu aibu hii ni ya wote. Kiongozi wa kiroho mwenye wafuasi wanaohesabiwa kwa mamilioni, ambao wengi wao ni watu wa tabaka la chini waliodharauliwa na mahekalu ya wakubwa, ambao kwa Dera walipata chakula, matibabu na heshima ya kuitwa ndugu, ni hazina ya kura ambayo hakuna chama kinachokubali kuipoteza. Watu wale siwalaumu. Nawalaumu waliofanya unyonge wao kuwa bidhaa ya uchaguzi.

Sasa tuje kwenye filamu, ambako ndiko sisi tulipo. Mwaka 2015 guru huyu alitoa filamu yake ya kwanza, ambayo yeye mwenyewe ndiye nyota wake, na ndani yake anafanya maajabu, anapiga maadui na kuokoa taifa. Bodi ya ukaguzi wa filamu ilikataa kuipa cheti. Basi baraza la rufaa likaipitisha kwa kasi ambayo watengenezaji wengine wa filamu, wanaozungushwa kwa miezi, hawajawahi kuionja. Leela Samson, mwenyekiti wa bodi na mcheza ngoma za jadi mwenye jina kubwa, alijiuzulu Januari 2015, na wajumbe wengi wa bodi wakaondoka pamoja naye. Nafasi yake ilichukuliwa na Pahlaj Nihalani, mtayarishaji wa filamu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametengeneza video ya kampeni ya Narendra Modi. Filamu ikaingia kwenye kumbi mwezi Februari.

Na ni nani huyo aliyekuwa akiokoa taifa kwenye skrini? Mwaka 2002 mwanamke mmoja aliyekuwa mfuasi wa Dera aliandika barua isiyo na jina kwa Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee, akaeleza jinsi guru alivyokuwa akiwabaka wasichana waliokabidhiwa kwake na wazazi wao kwa ajili ya ibada. Ram Chander Chhatrapati, mwandishi wa Sirsa aliyekuwa na gazeti lake dogo liitwalo Poora Sach, aliichapisha barua hiyo. Oktoba ya mwaka huo huo alipigwa risasi nje ya nyumba yake, akafariki mwezi uliofuata. Kwa hiyo, filamu ile ilipopitishwa mwaka 2015, kesi za ubakaji na mauaji zilikuwa zimeshamwandama mtu huyu kwa zaidi ya miaka 10. Kila aliyeketi kwenye lile baraza la rufaa aliishi katika nchi ambayo magazeti yake yalikuwa yameyaandika hayo.

Tarehe 25 Agosti 2017 mahakama maalumu ya Panchkula ilimtia hatiani kwa kuwabaka wanawake wawili waliokuwa wafuasi wake. Maelfu ya watu walikuwa wameachwa wajazane mjini humo kwa siku kadhaa ingawa amri ya kuzuia mikusanyiko ilikuwa imetangazwa, na hukumu ilipotolewa wakachoma magari na majengo, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana iliikaripia serikali ya jimbo kwa maneno mazito, ikasema kwamba serikali ilijisalimisha kwa ajili ya kura. Siku tatu baadaye jaji alilazimika kupelekwa kwa helikopta hadi gereza la Sunaria, Rohtak, ili amsomee adhabu ya miaka 20 ndani ya kuta za gereza. Januari 2019 mahakama ilimhukumu pia kifungo cha maisha kwa mauaji ya Chhatrapati.

Ningekuwa natafuta hadithi yenye faraja ningeishia hapo, lakini kinachonikosesha usingizi ni yaliyofuata. Tangu mwaka 2020 mfungwa huyu ametolewa gerezani kwa ruhusa za muda (parole) zaidi ya mara kumi, na ruhusa hizo zina mazoea ya kuangukia majira ya uchaguzi. Februari 2022 alitoka siku chache kabla ya kura za Punjab. Oktoba 2022 alitoka kwa siku 40 wakati Haryana ikijiandaa kwa uchaguzi wa mabaraza ya vijiji. Oktoba 2024 alitoka siku chache kabla ya uchaguzi wa jimbo la Haryana, na Januari 2025 akatoka tena Delhi ikielekea kwenye kura. Na hata huko nje hakai kimya akitubu. Katika ile ruhusa ya Oktoba 2022 aliendesha ibada kwa njia ya mtandao, wanasiasa wakajitokeza kuomba baraka zake, na siku ya Diwali akatoa video ya wimbo. Mtu aliyekuwa akitumikia adhabu ya ubakaji na mauaji alikuwa akitoa nyimbo za sikukuu, na watu wakazicheza na kuzisambaza! Aliyekuwa mkuu wa gereza la Sunaria katika kipindi cha baadhi ya ruhusa hizo aliacha kazi mwaka 2024, akajiunga na BJP, akagombea kiti cha Charkhi Dadri na kushinda.

Pima hayo na habari ya padri Stan Swamy, mzee wa miaka 84 mwenye ugonjwa wa kutetemeka, mtetezi wa wakazi wa asili wa Jharkhand, ambaye hakuwa ametiwa hatiani kwa kosa lolote na ambaye alilazimika kuiomba mahakama kikombe chenye mrija kwa sababu mikono yake haikuweza kushika bilauri. Alinyimwa dhamana. Alifariki Julai 2021 akiwa bado mahabusu.

Na pima pia na wasanii. Mwaka 2017 filamu kubwa ya kihistoria iliyoigizwa na Deepika Padukone ilizuiwa kutoka tarehe 1 Desemba kama ilivyopangwa, kwa sababu makundi ya watu wa tabaka la Rajput yalidai kwamba inamvunjia heshima malkia ambaye wanahistoria wengi wanasema ni wa kwenye utenzi. Kiongozi mmoja wa BJP wa Haryana, jimbo lile lile, alitangaza zawadi ya rupia milioni 100 kwa atakayewakata vichwa mwigizaji huyo na mwongozaji wake. Haryana ikawa miongoni mwa majimbo yaliyoipiga marufuku filamu hiyo hata baada ya kupata cheti, mpaka Mahakama ya Juu ikaingilia kati Januari 2018, na kabla haijatoka basi la watoto wa shule likapigwa mawe mjini Gurugram. Mchekeshaji mwingine, Munawar Faruqui, alikamatwa Indore siku ya mwaka mpya wa 2021, akakaa rumande zaidi ya mwezi mmoja huku Mahakama Kuu ya jimbo ikimnyima dhamana.

Hapa ndipo hasira yangu inapowageukia nyota tunaowaimba. Mwaka 2019, katikati ya uchaguzi mkuu, Akshay Kumar, mmoja wa waigizaji wanaolipwa zaidi nchini humo, aliketi na Waziri Mkuu kwa mahojiano marefu, akamuuliza kama anakula maembe na anayala vipi. Nchi ina wasanii wenzake waliotishiwa kukatwa vichwa, na swali alilochagua mtu mwenye sauti inayofika kila nyumba likawa la maembe. Nakiri kwamba kusema kuna gharama, na sipendi kuwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Aamir Khan aliposema mwaka 2015 kwamba nyumbani kwake wameingiwa na hofu, alitukanwa nchi nzima na kampuni aliyokuwa akiitangaza ikasusiwa. Padukone aliposimama kimya tu na wanafunzi waliopigwa katika chuo kikuu cha JNU Januari 2020, wito wa kususia filamu yake ulitolewa usiku ule ule. Naijua hofu hiyo na naiheshimu. Nisichokiheshimu ni wale ambao hawakunyamaza kwa hofu, bali walijipanga mstari wapigwe picha na wakubwa.

Asije mtu kuniambia kwamba nauchukia Uhindu. Waliouawa kwa kuwapinga matapeli wa kiroho walikuwa watu waliozaliwa na kukulia ndani ya utamaduni huo. Narendra Dabholkar, daktari aliyetumia maisha yake kuzunguka vijiji vya Maharashtra akifichua miujiza ya uongo, alikuwa akisema wazi kwamba hagombani na imani ya mtu bali na unyonyaji unaofanywa kwa jina la imani. Alipigwa risasi mjini Pune asubuhi ya tarehe 20 Agosti 2013 akiwa matembezini. Sheria aliyoidai kwa miaka mingi, ya kuzuia uchawi na kafara za watu, ilipitishwa na jimbo lake Desemba ya mwaka huo, yeye akiwa amekwisha kufa.

Na sisi? Filamu hizi zilijaza kumbi za Unguja, Tanga na Dar es Salaam tangu enzi za babu zetu, taarabu ikachukua humo tuni zake, na hata leo tunazo sebuleni zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili. Tunawajua waigizaji kwa majina ya watoto wao. Tunajua nani kamwoa nani, nani kagombana na nani. Lakini nikitaja jina la Chhatrapati humu ndani, naambiwa napenda siasa. Kuna uzi humu wenye kurasa na kurasa juu ya harusi ya nyota mmoja, na mtu aliyeuliza humo kwa adabu kwa nini mashujaa hawa hawajasema neno juu ya ruhusa za Ram Rahim alishambuliwa mpaka akaacha kuandika.

Basi wale mliomshambulia nawauliza hapa, na nitasubiri majibu yenye hoja, si matusi. Mchekeshaji aliyebandika ndevu na kuchekesha watu alikamatwa kwa kuumiza hisia za dini. Wasichana wale waliobakwa walikuwa na dini. Walikwenda Sirsa kwa sababu ya dini, na wazazi wao waliwaacha pale kwa sababu ya dini. Ni kifungu gani kilichowahi kuzihesabu hisia zao, na ni nyota gani kati ya hao mnaowatetea amewahi kuwataja?