Mwanangu anataka kwenda misheni ya Wamormoni miaka miwili. Mliopitia, nielezeni maisha yenyewe

MamaNyakato (Mwanza)

Habari zenu ndugu zangu.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 19, kamaliza kidato cha sita mwaka jana. Mimi na baba yake ni Wakatoliki. Yeye mwaka juzi akabatizwa kwa Wamormoni. Wenyewe hawapendi kuitwa hivyo, ananisahihisha kila siku: "Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, mama." Jina refu kama treni ya mizigo. Sikugombana naye. Aliacha kuzurura, akaanza kuamka mapema, nikasema basi, Mungu ni mmoja.

Sasa kaja na jipya. Kapimwa afya, kapimwa meno, anajaza maombi ya kwenda misheni. Miaka miwili! Na hachagui pa kwenda, atapangiwa tu. Baba yake hasemi kitu, anawasha redio kwa sauti.

Naomba nisikie kwa mtu aliyeivaa ile beji nyeusi, siyo kwa wahubiri wa mtandaoni. Anakula nini huko? Analipwa? Nani anamfulia, maana hapa nyumbani hajawahi kufua hata soksi? Ataruhusiwa kunipigia? Na jirani yangu kaniambia hao watu wanaoa wake wengi, akirudi ataniletea wakwe watatu. Ni kweli?

---

KijanaWaKitale

Mama, shikamoo.

Mimi ni Mkenya, nilitumwa Tanzania kuanzia 2017 hadi 2019, muda mwingi nikiwa Dar, upande wa Temeke na Mbagala. Nitakujibu nilivyoishi.

Kwanza hilo la wake, ulale usingizi. Kanisa lilitangaza kuachana na ndoa za wake wengi mwaka 1890. Anayefanya hivyo leo anatengwa. Lakini lina mkia wake, nitalirudia chini.

Mshahara hakuna. Yeye na familia yake wanachangia wanachoweza, na kila mwezi anapewa posho ya chakula na nauli. Posho ile ina tabia ya kuisha tarehe 24. Wiki ya mwisho ni ugali na mchicha, na hakuna aliyekufa.

Kuamka ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kulala saa nne na nusu usiku. Asubuhi ni mazoezi kidogo, kuoga, kusoma maandiko peke yako, halafu kusoma na mwenza, yaani mmisionari mnayepangwa naye. Mchana ni kutembea. Mama, kutembea! Niliondoka na jozi mbili za viatu, fundi wa pale Tandika akazishona mpaka akaniambia sasa anashona nyuzi zake mwenyewe. Saa tatu usiku mko ndani. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kufua, kununua chakula na kuandika barua pepe nyumbani. Anafua mwenyewe, kwa mikono, shati nyeupe, kwenye vumbi la Mbagala. Mungu ana mzaha wake.

Simu: nilipoanza, tulipiga nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Februari 2019 wakaruhusu kila wiki, hata kwa video. Wiki ile ya kwanza mama yangu alipokea akadhani kuna msiba. Mwanao atakupigia kila wiki mpaka uchoke naye.

Sasa mambo ambayo huoni kwenye picha zao.

Huwi peke yako hata dakika moja, isipokuwa bafuni. Mnapangwa wawili wawili na hamchaguani. Wiki sita zikipita kunaweza kuja uhamisho, ukabadilishiwa mtu au mji. Mwenza wangu wa kwanza alikuwa Mmarekani wa Idaho, miaka 20, mkulima wa viazi kwa ukoo. Nikajiambia mimi ndiye nitamfundisha Kiswahili. Siku ya pili nikasema mbele ya familia ya watu, "Nimeleta kitabu yangu." Yule mzungu akaniinamia taratibu: "Kitabu changu, Mzee." Watoto walicheka wakalala chini. (Kwa Kiswahili chao mmisionari wa kiume anaitwa Mzee. Una miaka 18, ndevu tatu, unaitwa Mzee. Bibi mmoja wa Keko aliniuliza kama nina wajukuu.)

Lakini aliyenifundisha zaidi ni mama muuza genge. Wiki yangu ya kwanza nilifika nikasema, "Nipe nyanya za mia tano." Akaniangalia. "Baba, umekuja kununua au umekuja kudai?" Sisi bara kule Kenya tukisema nipe hatuna ubaya, ndivyo tunavyoongea. Akanikatalia mpaka niseme naomba. Nikasema. Akanipa fungu na nyanya moja juu yake.

Usiku ule nilipiga magoti nikajisikia ninavyosali. Nipe afya. Nipe watu wa kufundisha. Linda nyumbani. Nilikuwa nadai, mama. Nilikuwa nimelelewa kanisani tangu utoto na sikuwahi kujisikia. Tangu siku hiyo nasema naomba, na ukisema naomba kwa kweli inabidi ukubali kwamba unaweza kunyimwa.

Na nikanyimwa. Mwezi wa tisa babu yangu akafariki. Niliambiwa naweza kurudi au kubaki, nikabaki, na mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Siku ya mazishi, mwenza wangu wa wakati ule, Mkongo wa Lubumbashi, hakuniambia neno lolote la dini. Alinipikia bukari, ndiyo ugali kwao, akanikalia karibu, tukasafiri kwa daladala siku nzima bila shughuli kwa sababu sikutaka kuwa ndani.

Huyu huyu tuliwahi kununiana siku tatu kwa sababu ya sufuria. Yeye haloweki sufuria ya ugali, mimi naikuta imekauka kama simenti. Kila wiki kuna kikao cha wenza, mnakaa mnaambiana kinachowaudhi. Nikamwaga la sufuria. Yeye akasema, polepole, kwamba mimi nikisali kwa sauti huwa sitaji jina lake. Nilikuwa nimehesabu masufuria na sikuwa nimehesabu hilo.

Chai! Nilisahau chai. Wanakatazwa pombe, sigara, kahawa na chai ya majani. Sasa katika nchi hii utaingiaje nyumba ya mtu ukatae chai? Nyumba ya kwanza nilisema tu "situmii", na mwenye nyumba akafikiri namuona mchafu. Baadaye nikajifunza kuomba mapema: "Mama, naomba mchaichai, usiweke majani." Tangawizi ya moto pia inafaa. Mzee mmoja Mwislamu pale Tandika alikuwa akituchemshia mchaichai kila Alhamisi, na Ramadhani akatuita futari. Hakubatizwa wala hakuwa na nia. Alisema anapenda vijana wanaosalimia. Mimi kwa miaka miwili niliobatiza hawafiki vidole vya mkono mmoja. Mwanao akirudi usimuulize idadi.

Mpira pia hakuna. Fainali ya Kombe la Dunia 2018 tulikuwa tunafundisha kwa familia iliyopakana na kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira. Kila goli ukuta ulitetemeka. Nilihesabu makelele sita nikijifanya nasikiliza Mosia sura ya pili, ndani ya Kitabu cha Mormoni. Ufaransa nne, Croatia mbili, nilipata jumla sawasawa ila sikujua nani kafunga nini mpaka kesho yake.

---

Mtafiti_Huru

KijanaWaKitale unaandika vizuri lakini mwambie mama ukweli wote. Mpaka 1978 kanisa hilo lilikuwa haliwapi watu weusi ukuhani wala ibada za hekaluni. Mwafrika anavaaje beji ya kanisa la namna hiyo akaenda kugongea Waafrika wenzake milango? Na ule mkia wa wake wengi mbona umeuficha?

---

KijanaWaKitale

Mkuu, sijauficha, nilikwenda kula.

La 1978 ni kweli. Niliulizwa hivyo hivyo na mwalimu mstaafu, mwezi wangu wa tatu. Mwenza wangu wa Idaho akawa mwekundu kama nyanya. Mimi nikaanza kueleza, na nikiwa katikati nikajisikia narudia maneno ambayo hata mimi siyaamini, maana kulikuwa na sababu za kila aina ambazo watu walizitunga zamani. Mwaka 2013 Kanisa lenyewe liliandika kwamba linazikana sababu hizo. Nikanyamaza, nikasema, "Mwalimu, sina jibu zuri. Naomba nirudi." Akasema, "Hilo ndilo jibu la kwanza la maana leo." Tulirudi mara nne. Bado linaniuma, na bado niko kanisani, na vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja. Wewe usipoweza kukaa navyo sikulaumu.

Mkia ni huu. Tulifundisha mzee mmoja Mbagala, ana wake wawili. Walikuwa wanakuja wote watatu na watoto, wanakaa mstari mzima. Akataka ubatizo. Ikabidi tumweleze kwamba kwa hali ile ya ndoa haiwezekani. Mke mdogo hakulia, hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mimi ndiyo niende wapi?" Alikuwa na mtoto mgongoni.

Nilikuwa na miaka 19. Nilifungua kitabu, nikakifunga. Tukasali nao, tukaondoka, na njia nzima hakuna aliyesema kitu. Waliendelea kuja Jumapili kama wageni, wote watatu, mpaka nilipohamishwa. Katika mafunzo ya Johannesburg, kabla ya misheni, kila somo lilikuwa na majibu yake. Swali la yule mama nilikutana nalo Mbagala.

---

DadaWaBukoba

MamaNyakato, mimi nilitumikia kama dada, sisi ni miezi 18. Nitakuongezea ya kike ambayo hawa wakina Mzee hawatakuambia.

Atakonda halafu atanenepa. Atakuwa na wiki ya kulia, kwa wengi ni wiki ya tatu hivi. Akikupigia analia usimwambie "rudi nyumbani" siku hiyohiyo. Muulize amekula nini. Mama yangu alikuwa ananiuliza hivyo kila mara, nami nikianza kueleza chakula kilio kinakatika chenyewe. Mtumie na chandarua kizuri hata kama wanatoa, mimi malaria ilinilaza mwezi wa nne na mwenza wangu, msichana wa Uganda niliyekuwa namuona ana maringo, alinikanda kwa kitambaa cha maji mpaka asubuhi.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wanafunga, hawali milo miwili, na pesa ya ile milo wanaitoa kwa wenye shida. Usishtuke akikuambia hajala.

Kuhusu chuo, mwambie aombe kuahirisha kwa maandishi kabla, asitoroke tu. Mimi sikuandika, nilisota mwaka mzima.

Na kuna jambo la kumwambia mapema: kama akifika akaona hawezi, arudi kwa mlango wa mbele. Nimeona vijana waliorudi kabla ya muda wakaonekana wameaibisha ukoo. Kijana wa kanisani kwetu alirudi baada ya miezi mitano, watu wakawa wanampa mkono wa ncha za vidole. Mwambie kitanda chake kipo.

---

Mtafiti_Huru

Hilo la mwisho naliunga mkono.

---

MamaNyakato (Mwanza)

Nimewasoma wote, asanteni sana wanangu. Nimemsomea baba yake kwa sauti. Ilipofika ya yule mke mdogo alizima redio mwenyewe. Akasema, "Huyo kijana angalau hakudanganya." Ndiyo maneno yake ya kwanza juu ya jambo hili tangu mwezi wa pili.

Mwanangu nimemwambia kuanzia Jumamosi hii anafua nguo zake zote. Kafua suruali ya jinzi pamoja na shati jeupe, sasa tuna shati la bluu. Nimemwambia pia la kitanda. Alinyamaza, halafu akauliza kama naweza kumfundisha kupika maharage.

KijanaWaKitale, shati nyeupe ninunue ngapi?

---

KijanaWaKitale

Sita, mama. Za pamba iliyochanganywa, zinakauka haraka na hazihitaji pasi ndefu. Usinunue za bei. Na sabuni ya mche, kipande kizima, aiwekee alama yake, maana mwenza ataitumia.