Mrejesho: mdogo wangu na chuo cha Marekani

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza chuo kitamsaidiaje mdogo wangu, baada ya zuio la Marekani la viza za wanafunzi kutugusa Watanzania tangu 1 Januari 2026. Mlisema tuiandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni, tukaandika. Wamemsogezea nafasi mwaka mzima, ufadhili umebaki palepale, na masomo mawili anaanza kwa mtandao hapahapa Sinza. Kipindi kimoja ni saa saba usiku, lakini mama amefurahi mno.

Kinachoniuma ni rafiki wa mdogo wangu, ambaye tayari yuko kule. Viza yake haijafutwa, ila ikiisha akiwa Dar hatapata nyingine. Chuo kimemwachia chumba bwenini likizo nzima. Msiba wa bibi yake, Temeke, aliufuatilia kwa simu.