Naomba ushauri: Baba mdogo alitumikia Jeshi la Marekani, hati yake ya kumaliza utumishi ina upungufu wa medali

Mwana wa Ngamiani (mleta uzi)

Wanajamvi, assalaam alaykum, na habari za kutwa kwa wote. Naandika kwa niaba ya baba yangu mdogo, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, ambaye kabla ya kurudi nyumbani aliishi Marekani kwa kadi ya ukaazi wa kudumu na akatumikia jeshi la nchi kavu la huko tangu Juni 2001 hadi Agosti 2004, akiwa dereva wa malori ya mizigo. Kati ya Aprili 2003 na Machi 2004 alikuwa Iraki. Alimaliza mkataba wake kwa heshima, akakabidhiwa fomu DD-214, ambayo ndiyo hati anayoondoka nayo kila askari wa Marekani, akaihifadhi pamoja na hati ya kiwanja chake cha Pongwe, na hakuitazama tena hadi mwaka huu alipoulizwa na mwanawe mkubwa maana ya kila kilichoandikwa humo.

Kisanduku cha 13 ndicho kinachoorodhesha medali, beji na tepe za askari. Chake kina Medali ya Utumishi wa Ulinzi wa Taifa, Medali ya Misafara ya Vita dhidi ya Ugaidi na Utepe wa Utumishi wa Jeshi, kisha yanafuata maneno yenye maana ya kwamba hakuna zaidi, yametanguliwa na mikwaju miwili ili mtu asije akaongeza kitu chini yake. Hakuna Medali ya Kampeni ya Iraki. Hakuna Medali ya Mwenendo Mwema, ingawa alimaliza miaka 3 bila adhabu yoyote. Hakuna Beji ya Mapambano, ingawa lori lililomtangulia kwenye msafara lililipuliwa na bomu lililotegwa kando ya barabara, na wao waliokuwa nyuma wakashambuliwa kwa risasi na kujibu. Aidha, anakumbuka sajenti wake akimwambia kwamba amependekezwa kupewa Nyota ya Shaba, nayo haimo.

Naomba kujua kama mambo haya bado yanaweza kurekebishwa baada ya miaka yote hii, tuanzie wapi, na kama kuna ulazima wa kumlipa mtu, kwa sababu hapa mjini amejitokeza bwana mmoja anayejiita wakala, ametaka shilingi laki nane ili "alisukume faili". Nimeambatisha picha ya hati.

Bint Chumbageni

Ndugu mleta uzi, kabla ya ushauri wowote, ondoa hiyo picha. Hati za miaka ile zina namba nzima ya hifadhi ya jamii katika kisanduku cha 3, na kwa Wamarekani namba hiyo pamoja na jina na tarehe ya kuzaliwa vinamtosha mwizi kufungua mkopo kwa jina la mzee wako.

Mwana wa Ngamiani

Nimeiondoa, dada. Ahsante sana.

Mzee Masjala

Mwanangu, nilifanya kazi ya masjala hadi nilipostaafu, na shemeji yangu aliyetumikia jeshi hilohilo aliwahi kupita njia hii nikimsaidia kupanga makaratasi, kwa hiyo nitakueleza ninavyoifahamu. Bwana wa laki nane mwambieni ahsante. Maombi haya hayana ada, fomu zake zinapatikana mtandaoni bure, na anayezitia saini ni askari mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kutenganisha madai hayo manne, kwa maana hayana uzito sawa wala hayapiti mlango mmoja, na mkiyatia yote katika barua moja, lile lisilo na ushahidi litalichelewesha lile ambalo jalada lenyewe linalithibitisha.

Chukua Medali ya Kampeni ya Iraki. Watu wengi wakiiona haimo hudhani karani aliijaza fomu kwa uzembe, lakini tazama tarehe: medali hiyo ilianzishwa kwa amri ya Rais George W. Bush ya tarehe 29 Novemba 2004, wakati baba yako mdogo alishavua sare tangu Agosti. Karani asingeweza kuandika kitu ambacho hakikuwapo. Ndiyo maana akaandikiwa Medali ya Misafara, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitolewa wakati huo kwa waliokwenda Iraki. Waliopewa ile ya Misafara kwa utumishi wa Iraki tangu 19 Machi 2003 hadi 30 Aprili 2005 waliruhusiwa kubaki nayo au kuomba ya Kampeni badala yake, ila hawaruhusiwi kuwa na zote mbili kwa kipindi kilekile. Kwa hiyo hapo aandike waziwazi kwamba anaomba kubadilishiwa. Akiandika kwamba medali "imesahauliwa", afisa atakayesoma ataona tayari ana ya Misafara na atalifunga jalada.

Ushahidi wa dai hili mnao mkononi. Someni kisanduku cha 18, cha maelezo ya ziada, na kwa kawaida mtakuta mstari wa herufi kubwa unaotaja utumishi wa Iraki na tarehe za kuingia na kutoka. Sharti la msingi ni siku 30 mfululizo au siku 60 kwa kuunganisha, na yeye alikaa karibu mwaka mzima. Tena tarehe zake zinagusa vipindi viwili vya kampeni, kile kilichoishia 1 Mei 2003 na kile kilichoanza siku iliyofuata hadi 28 Juni 2004, na kila kipindi kina nyota yake ndogo ya shaba inayobandikwa kwenye utepe. Nyota hizo nazo zitajwe katika ombi. Msizichanganye na nishani ya Nyota ya Shaba, ambayo ni jambo jingine kabisa.

Medali ya Mwenendo Mwema ni ngumu kidogo. Miaka 3 pekee haitoshi, kwa kuwa hutolewa kwa amri ya maandishi ya kamanda, na mara nyingi askari anayeondoka mara tu miaka inapotimia huondoka kabla amri haijachapwa. Hapo itabidi jalada zima la utumishi liangaliwe kama lina adhabu au barua ya kamanda inayompinga. Likiwa safi, hoja yake ni nzuri.

Beji ya Mapambano iliidhinishwa mwaka 2005 na ikarudishwa nyuma hadi matukio ya tangu 18 Septemba 2001, kwa hiyo tarehe haimzuii. Kinachotakiwa ni kuthibitisha kwamba yeye binafsi alikuwapo na alishambuliwa na adui au alimshambulia. Maneno yake peke yake hayatamfikisha mbali. Atafute taarifa ya tukio, kumbukumbu za kikosi za siku ile, na maelezo ya wenzake wawili watatu waliokuwa kwenye msafara, kila mmoja akieleza alichokiona kwa macho yake: siku, barabara, nani alikuwa lori la ngapi.

Kuhusu Nyota ya Shaba, nitasema wazi ingawa najua mzee hatapenda. Kauli ya sajenti si pendekezo. Pendekezo ni karatasi iliyotiwa saini na kupanda ngazi, na muda wa kupendekeza ukishapita, sheria inataka ombi lipitie kwa mjumbe wa Bunge la Marekani. Kama hana nakala wala hamjui aliyeiandika, liacheni dai hilo pembeni kwa sasa.

Chuma cha Reli

Kwa heshima zote, naona mnahangaika bure. Medali hailiwi. Kama haiongezi hata senti kwenye pensheni, kuna haja gani ya kuandikiana na watu wa ng'ambo?

Bint Chumbageni

Ndugu Chuma, ni kweli medali ya kampeni haina posho. Lakini hati hiyo ndiyo inayosomwa kila mara askari au mjane wake anapodai jambo lolote, ikiwemo matibabu ya maradhi yaliyotokana na utumishi, ambayo hugharimiwa hata kwa anayeishi nje ya Marekani. Hati inayoonyesha wazi alikuwa vitani inampunguzia maswali. Halafu mzee ameomba kilicho chake, hakuomba msaada.

Nirudi kwenye mada. Mzee Masjala ametaja kisanduku cha 18, nami naongeza kwamba kama kwa bahati mbaya mstari huo haumo, aombe karatasi zake za mshahara za 2003 na 2004. Aliyekuwa Iraki alilipwa posho ya hatari, wakati huo dola 225 kwa mwezi, na mshahara wake wa askari wa kawaida haukukatwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Mwezi unaoonyesha malipo hayo unasema alikuwa wapi kuliko maelezo ya kurasa kumi.

Mkaole

Salamu kutoka Bagamoyo. Nilisikia majalada ya askari wa Marekani yaliungua yote huko St. Louis. Sasa huyo mzee atapata wapi jalada la kuonyesha? Pia marehemu babu yangu alikuwa Keya, akapigana Bama, na hakuwahi kuletewa medali. Je, naye anaweza kuombewa kwa fomu hizi?

Mzee Masjala

Moto ulitokea kweli, tarehe 12 Julai 1973, ukaharibu majalada kati ya milioni 16 na 18, lakini yalikuwa ya waliotoka jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na mwanzoni mwa 1960, na sehemu ya majalada ya jeshi la anga ya waliotoka kabla ya 1964. Aliyetoka 2004 haguswi. Ukijibiwa kwamba jalada lako liliungua nawe ulitoka miaka ya 2000, basi jina au tarehe imekosewa kwenye ombi.

Kuhusu babu, Mungu amrehemu, hilo ni jeshi la Mwingereza, na Marekani haina kumbukumbu zake hata moja. Fungua uzi wake, uandike namba ya batalioni na namba yake ya askari ukizipata, tutachangia huko.

Mwana wa Ngamiani

Mzee Masjala, shikamoo, na dada Bint Chumbageni, nawashukuru mno. Tumesoma kisanduku cha 18 na mstari upo, wenye tarehe zote mbili. Baba mdogo amechagua Medali ya Kampeni ya Iraki badala ya ile ya Misafara bila kusita. Anasema aliyekwenda Iraki aandikwe Iraki. Nyota ya Shaba amenung'unika kidogo kisha akakubali iachwe.

Yamebaki mambo matatu. Ombi la kwanza tulipeleke wapi? Je, ukomo wa miaka 3 tuliousoma mtandaoni haumfungii mlango? Na je, kwa kuwa hakuchukua uraia wa Marekani, akabaki na pasipoti ya Tanzania, na anaishi Tanga, maelezo yake lazima akaapie ubalozini Dar es Salaam? Magoti yake hayamruhusu safari ya basi.

Mzee Masjala

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuomba nakala kamili ya jalada lake kwa fomu SF-180, kupitia Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi, St. Louis, Missouri. Atie saini mwenyewe, kwa kuwa yu hai. Mtoto wa ndugu hawezi kuomba kwa jina lake. Jalada likishafika, madai ambayo linayathibitisha lenyewe yaombewe kwanza marekebisho ya kiofisi, na la beji lipelekwe kitengo cha medali cha kamandi ya rasilimali watu ya jeshi hilo, iliyopo Fort Knox, Kentucky. Mkikubaliwa, msitarajie DD-214 mpya. Huletwa fomu nyingine, DD-215, inayoeleza kilichoongezwa na kilichofutwa, na tangu siku hiyo karatasi hizo mbili hutembea pamoja. Pigeni nakala zote mbili kila mnapoombwa moja.

Mkikataliwa ndipo mwende kwenye Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi kwa fomu DD-149. Bodi hiyo hairuki ngazi: ikiona hamjaanzia ofisini, itawarudisha. Ukomo wa miaka 3 ni wa Bodi, nao huhesabiwa tangu siku mwombaji alipogundua kosa, si tangu alipotoka jeshini. Fomu ina nafasi ya kuandika tarehe ya kugundua, na nyingine ya kueleza kwa nini haki inataka ombi lisikilizwe hata kama muda umepita. Asiziache wazi. Sheria inaitaka Bodi imalize ombi ndani ya miezi 18 tangu ilipolipokea, basi msianze kupiga simu mwezi wa pili. Kwa kawaida huamua kwa karatasi bila kumwita mtu, na huanza kwa kuamini kwamba kumbukumbu iliyopo ni sahihi hadi mwombaji aoneshe vinginevyo. Kwa hiyo nyaraka ziwe na namba, na kila sentensi ya maelezo itaje ni nyaraka ipi inayoibeba.

Bint Chumbageni

Kwa suala la kiapo, asisumbuke na basi. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu aliye nje ya nchi hiyo kuandika tamko, akalifunga kwa maneno kwamba analithibitisha kuwa kweli chini ya adhabu ya kusema uongo kwa mujibu wa sheria za Marekani, akaweka tarehe na saini, na likakubaliwa pasipo wakili wala mhuri. Maneno "sheria za Marekani" yasikosekane, kwa sababu ndiyo yanayotofautisha tamko la aliye nje na la aliye ndani. Wenzake walioko huko watumie njia hiyohiyo kwa tamko la walio ndani.

Uraia nao si kizuizi. Haki ya kurekebishiwa kumbukumbu inafuata utumishi. Wengine wenye kadi ya ukaazi waliharakishiwa uraia kwa amri ya rais ya tarehe 3 Julai 2002, lakini asiyeuomba hakupoteza medali zake.

Mwana wa Ngamiani

Tumeelewa. SF-180 imeshachapwa na kutiwa saini, na kesho asubuhi naipeleka Posta kwa EMS nipate namba ya kufuatilia. Baba mdogo amewapata wawili kati ya waliokuwa kwenye ule msafara, mmoja yupo Texas, na huyo anasema bado ana daftari aliloandika mpangilio wa malori ya kila siku. Nimemwomba apige picha ukurasa wa siku ile, na pia ukurasa ulioutangulia na unaoufuata.