Mashine ya kufulia inagoma maji yakianza kupata moto, fundi anasema ni bodi. Nibadilishe sensa ya joto mwenyewe?

mama_pacha_Tabata
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri maana nimeshachoka. Nina mashine ya kufulia ya kilo 7 ile ya mlango wa mbele, brandi sitaji, ina miaka mitano na haijawahi kunisumbua. Sasa tangu wiki mbili zilizopita nikifua kwa maji ya baridi inafua vizuri, inakamua, inamaliza, ila nikiweka 40 au 60 inaanza vizuri tu inazunguka kama robo saa hivi, nikigusa kioo cha mlango nasikia kinaanza kuwa vuguvugu, halafu inasimama inalia pi pi pi inaleta eror, nimeangalia kwenye kitabu chake wameandika ni sensa ya joto la maji. Nina mapacha wa miezi minne, nepi za vitambaa, vitaulo vya kucheulia, maji ya baridi hayaitoi ile harufu ya maziwa jamani.

Fundi kaja juzi kapima sensa na maltimita (kile kipimo cha umeme) kasema sensa nzima, iliyokufa ni bodi, yaani sakiti inayoongoza mashine, anataka 380,000 na nusu nimpe kabla hajaanza. Baba watoto yuko safari anasema subiri nirudi, mi siwezi kusubiri. Je inawezekana sensa ikapimwa ikaonekana nzima kumbe mbovu? Na mtu asiye fundi anaweza kuibadilisha? Bisibisi ninazo, maltimita naweza kuazima kwa jirani anatengeneza redio.

kijiwe_bila_kazi
Kwani mikono ina nini dada 😂

mama_pacha_Tabata
Njoo ufue wewe nepi ishirini kwa siku, beseni na sabuni nakupa.

likoni_maji_chumvi
Pole dadangu. Hapa Mombasa yangu ilinifanyia vivyo hivyo lakini haikuwa sensa, ilikuwa ni hita. Sisi wengi twatumia maji ya kisima, yana chumvi na chokaa, nilipoifungua hita nikaikuta imevaa gamba jeupe nene kama ukoko wa sufuria ya wali, na sensa nayo imefukiwa humo humo ndani. Sensa ikifunikwa hivyo haisikii maji, yasikia gamba. Siku hizi nachemsha siki nyeupe kidogo naimimina kwenye ngoma naiendesha tupu kila baada ya miezi miwili mitatu. Angalia hilo kwanza kabla hujatoa pesa ya mtu.

mzee_wa_mita
Marahaba binti. Nimetengeneza hizi mashine muda mrefu kidogo kwa hiyo nivumilie nikiandika sana.

Swali lako la kwanza, ndio inawezekana kabisa, na nadhani fundi wako amekosea hapo hapo. Hiyo sensa ni kidude kidogo kama kifuniko cha kalamu, ncha yake ya chuma inaingia ndani ya tangi karibu na hita, nyuma ina pini mbili. Ndani mna kitu ambacho omu zake, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, zinashuka kadiri joto linavyopanda. Bodi inasoma hizo omu inajua maji yamefika nyuzi ngapi, basi, haina akili nyingine. Sasa zikianza kufa nyingi hazifi moja kwa moja, zinapata ufa ndani, ikiwa ya baridi ufa umefunga inapima vizuri, ikipata moto ufa unaachia inakata. Fundi kapima ikiwa baridi. Wewe mwenyewe umesema baridi inafua na inagoma ikishakuwa vuguvugu, sasa bodi inahusikaje hapo? Sikatai bodi huwa zinakufa, umeme wetu huu tunaujua, lakini huanzi na kitu cha laki nne ukaacha cha elfu ishirini.

Fanya hivi. Chomoa plagi ukutani, usizime swichi tu, CHOMOA. Funga bomba. Pale chini mbele kuna kimlango cha chujio, weka trei, toa maji yote maana sensa iko chini, ukiichomoa na maji yapo utaogelea jikoni. Subiri kama dakika kumi ndio ufungue mfuniko wa nyuma, skrubu nne au sita. Mwangaza tochi chini ya tangi, utaona bati la hita limekaa kwa mlalo, pini mbili nene pembeni zenye nyaya kubwa, hizo ni za hita, na katikati au kando kidude cha plastiki chenye nyaya mbili nyembamba. Ndio huyo. Kama nyuma huoni hita basi kwako iko mbele, hapo lazima ufungue mpira wa mlango na waya wake wa springi, hiyo kazi muachie mtu.

Piga picha na simu kabla hujagusa waya wowote. Bonyeza kile kiulimi cha konekta utoe, usivute nyaya. Halafu sensa yenyewe izungushe taratibu huku unaivuta, kama imegandia na chokaa usitumie nguvu. Ikitoka ipime baridi, halafu itumbukize ncha kwenye kikombe cha maji ya moto, pini zisilowe, uangalie namba. Niletee majibu hapa.

voltage_boy
Mnamzungusha mama wa watu bure. Chukua rizista ya kawaida, kile kidude chenye omu zisizobadilika, funga pale kwenye konekta, eror inapotea, unafua. Nimefanya kwenye mashine ya shemeji.

mzee_wa_mita
Kijana usimfundishe mtu hivyo. Ukiweka rizista bodi itaona joto moja tu siku zote. Itadhani maji bado baridi na itaendelea kuwasha hita ya wati 2,000, mashine nyingine zina muda wa kujikatia zenyewe nyingine hazina, na yule ana watoto wachanga ndani ya nyumba. Hiyo ya shemeji yako nayo karudishe sensa.

mama_pacha_Tabata
Mzee wangu asante sana. Mapacha walilala saa nane mchana nikaingia kazini. Iko nyuma! Imetoka kwa shida kidogo, ina gamba ila si la kutisha. Baridi imesoma 9.8 kilo omu. Nimeweka kwenye kikombe cha chai chenye maji ya moto ikaanza kushuka, 8, 7, 6 na kitu, nikafurahi nikasema nzima hii, ghafla ikaruka ikaandika OL, kama vile waya umekatika. Nikaitoa ikapoa, ikarudi tena 9 na kitu. Nimerudia mara tatu, kila mara hivyo hivyo.

mzee_wa_mita
Imekufa hiyo. Ungekuwa jirani ningekupa kazi.

mama_pacha_Tabata
😂😂 Kesho naenda Kariakoo.

mama_pacha_Tabata
Jamani nimerudi tena. Nimepata sensa 22,000, nimeweka sambamba na ya zamani zimefanana kama hawa wanangu, konekta ile ile, urefu ule ule. Nimefunga, eror imeondoka. Lakini maji hayapati moto! Programu ya 40 imeisha kioo ni cha baridi kabisa, nikaweka 60 ikapata uvuguvugu tu kama maji ya kuogeshea mtoto. Ina maana na hita nayo imekufa? Au fundi alikuwa sahihi kuhusu bodi? Nimekata tamaa.

muskati_nyumbani
Dada njoo ufulie huku Oman, kiangazi hiki bomba la baridi linatoa maji ya moto yenyewe kutoka kwenye tangi la juu ya nyumba, hita ya nini 😅 Utani pembeni, pima hita pia, pini kwa pini.

mzee_wa_mita
Usikate tamaa. Hita kama ingekuwa imekufa, 60 isingepata hata huo uvuguvugu. Ila kwa kuwa umeshafungua, ipime, nyaya zake zikiwa zimetolewa na plagi ikiwa nje: kwa hita ya wati 2,000 utapata kama 26 omu pini kwa pini, na pini kwa bati isisome kitu chochote, ikisoma usiiwashe mashine mpaka ibadilishwe maana hiyo ndio inayopiga watu shoti.

Sasa nijibu hiki, sensa mpya umeipima?

mama_pacha_Tabata
Hita 27, kwa bati hamna kitu. Sensa mpya sikuipima mzee, si mpya? Nimeipima sahivi, inasoma 3.9.

mzee_wa_mita
Ndio hapo. Kosa langu, nilipaswa kukwambia kabla hujaenda sokoni.

Hizi sensa zinafanana kwa umbo lakini zipo za aina mbalimbali. Ipo ambayo kwenye nyuzi 25 ina kama 4.8 kilo omu, ipo ya 12, nyingine zinafika hata 40 na zaidi. Chumba chako kina nyuzi 30 hivi, ya kwako iliyokufa ilisoma 9.8, hiyo ni ile ya 12. Uliyouziwa ni ya 4.8. Sasa bodi yako imezoea kwamba omu 3,900, yaani hiyo 3.9 yako, maana yake maji yana nyuzi hamsini na kitu, kwa hiyo inaona maji ya bomba yameshapita 40 hata kabla hita haijawaka, itawasha ya nini? Kwenye 60 inapasha kidogo inaridhika. Bodi yako haina kosa lolote, inadanganywa. Na bahati yako imekuwa upande huu, ingekuwa kinyume, bodi ya 4.8 ukaiwekea ya 12, ungeomba 40 ukapata maji ya kupikia ugali na nguo zote za watoto zimesinyaa.

Rudi dukani na maltimita, na ile mbovu, na picha ya stika ya modeli iliyoko kwenye fremu ya mlango. Pimeni pale pale kaunta. Akikataa kupima nenda duka la pili.

likoni_maji_chumvi
Haya nimejifunza leo. Mimi yangu nilibadili mwaka jana na tangu siku hiyo nikiweka 40 mashuka yatoka na mvuke, nikasema mashine imepata nguvu mpya 🙈

mzee_wa_mita
Ipime hiyo wiki hii.

mama_pacha_Tabata
Nimetoka Kariakoo. Muuzaji kwanza alinicheka, mama na maltimita kwenye mkoba wa nepi, halafu akatoa boksi zima tukapima moja moja, ya nne ikasoma 9.6. Kanibadilishia nikaongeza 6,000. Nimepaka mpira wake sabuni ya vyombo kidogo ikaingia kirahisi. Nikajaza maji nikalala chini na tochi, nikaona tone moja linatengenezwa pale kwenye mpira, nikazima nikachomoa nikaisukuma mpaka ikalia tak, nikajaza tena, pakavu.

Kwenye chujio nimekuta sarafu mbili za mia mbili na pini ya ushungi. Fundi kapiga simu saa kumi kuulizia ile nusu, nimemwambia baba watoto bado yuko safari.

Nimeweka 60. Kioo sasa hivi siwezi kuweka kiganja. Mapacha wamelala, jikoni kunanuka sabuni, iko kwenye kukamua, mi nimekaa kwenye kigoda pembeni naitazama tu.