Kozi nzima ya sinema bubu, Oscar Micheaux, mwongozaji filamu Mweusi wa Marekani, hakutajwa hata mara moja!

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Nimelipa ada kamili ya kozi ya historia ya filamu, wiki nne tuko kwenye sinema bubu za Marekani. Kati ya hizo, wiki nzima imeliwa na The Birth of a Nation ya D. W. Griffith (1915), filamu inayowafanya Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, mashujaa. Nikanyoosha mkono: Weusi wenyewe walijibu nini? Mwalimu akasema, "Hao walikuwa wa pembeni, muda hautoshi."

Wa pembeni?! Micheaux alikuwa mkulima South Dakota. Aliandika riwaya akazitembeza mwenyewe nyumba kwa nyumba, na mwaka 1919 akaigeuza moja kuwa filamu ndefu. Mwaka uliofuata akatoa Within Our Gates. Mmeiona? Baba na mama wananyongwa na genge la wazungu, na wakati huohuo mzungu mmoja amemvamia binti yao wa kulea, Sylvia, ndani ya nyumba. Anamrarua nguo, anaona kovu kifuani, mkono unamlegea: huyu ni mtoto wake wa kumzaa. Micheaux anakata huku na huku, kwenye kamba na kwenye chumba, hupati pa kupumulia. Chicago bodi ya udhibiti iliikataa mwanzoni, maana mji ulikuwa umetoka kwenye ghasia za rangi za kiangazi cha 1919. Na huyo ndiye wa kukosa hata nusu saa darasani!

Halafu wanawake. Alice Guy alikuwa katibu kwenye kampuni ya filamu ya Gaumont, Paris, akaanza kuongoza filamu 1896. Akavuka kwenda Marekani, 1910 akaanzisha kampuni yake, Solax, akajenga studio Fort Lee, New Jersey. Kwenye makabrasha yetu ametajwa mara moja tu, kama mke wa Herbert Blaché. MKE! Tressie Souders, mwanamke Mweusi aliyeongoza A Woman's Error mwaka 1922, hayumo kabisa.

Msiniambie filamu zimepotea. Najua takriban asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za Marekani hazipo tena, na ya Souders ni mojawapo. Lakini Within Our Gates ipo! Nakala ilikutwa Hispania ikiitwa La Negra, Maktaba ya Bunge la Marekani ikaikarabati 1993, na maandishi ya kwenye skrini ikabidi yatafsiriwe upya kutoka Kihispania. Watu wamehangaika hivyo kuirudisha, sisi tunashindwa kubonyeza tu tuitazame.

Nimemwandikia mratibu nikiomba kipindi kimoja. Jibu: ratiba imeshapangwa. Sawa. Alhamisi naingia darasani na flashi yangu, filamu haifiki hata saa moja na nusu. Mliosoma kozi hii miaka iliyopita, na nyie mlifundishwa hivihivi? Semeni hapa, nataka barua ya pili iende na majina mengi.