Divisheni ipi ya NFL ina nguvu zaidi msimu huu? Gumzo la ukoo, Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025

Mjomba Hamisi (Minneapolis): Ndugu zangu na wapwa zangu, hamjambo nyote. Msimu wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, unaanza Alhamisi ijayo, tarehe 4 Septemba, Cowboys watakapokuwa wageni wa Eagles. Kabla ya hapo ningependa kila mmoja aseme ni divisheni ipi kati ya zile nane (makundi ya timu nne nne, manne katika konferensi ya NFC na manne katika AFC) iliyo na nguvu zaidi, na atoe sababu zake, kwa kuwa tangu jana Packers walipomchukua mlinzi Micah Parsons kutoka Cowboys simu yangu haijatulia. Mimi naanza na NFC Kaskazini. Msimu uliopita Lions walishinda michezo 15 na kupoteza 2, Vikings walishinda 14 na kupoteza 3, Packers 11 kwa 6, na hata Bears waliokuwa mkiani walipata ushindi mara 5. Jumla yake ni 45, na hakuna divisheni nyingine iliyofika hapo.

Shangazi Mwanaidi (Philadelphia): Kaka, hizo 45 nimekuwa nikizisikia tangu Januari, lakini watu hawasemi kilichofuata. Katika mtoano Packers walikuja hapa kwetu wakafungwa na Eagles 22 kwa 10. Vikings walifungwa na Rams 27 kwa 9. Lions, walioongoza NFC nzima na wakawa nyumbani kwao, walifungwa na Commanders 45 kwa 31. Timu tatu ziliingia mtoano na hakuna iliyoshinda mchezo hata mmoja. Mchezo wa kuamua bingwa wa NFC ulikuwa kati ya Eagles na Commanders, timu mbili za NFC Mashariki, kisha Eagles wakaenda New Orleans katika Super Bowl, fainali ya ligi, wakawafunga Chiefs 40 kwa 22. Nguvu ya divisheni huonekana wakati huo, sio mwezi wa Oktoba.

Juma (Kansas City): Shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Eagles ni mabingwa na hilo halina ubishi, lakini bingwa ni timu moja, nasi tunapima timu nne kwa pamoja. Katika NFC Mashariki hiyo hiyo Cowboys walimaliza na ushindi 7 na vipigo 10, na Giants walishinda mara 3 tu. AFC Magharibi ilipeleka timu tatu katika mtoano: Chiefs 15 kwa 2, Chargers 11 kwa 6, na Broncos 10 kwa 7. Chargers ndio walioruhusu alama chache kuliko timu zote za ligi, 301, na Broncos ndio waliowaangusha makwotabeki (wachezaji wanaorusha mpira) mara nyingi kuliko wote, mara 63.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Hao Chargers na Broncos walifanya nini katika mtoano?

Juma: Walitolewa wote katika raundi ya kwanza, Shangazi. Chargers walifungwa na Texans 32 kwa 12, Broncos wakafungwa na Bills 31 kwa 7. Hata hivyo, mtoano ni mchezo mmoja wa jioni moja, na siamini kwamba jioni moja inaweza kufuta kazi ya miezi minne.

Rehema (Chicago): Shikamooni wakubwa zangu. Nimefuatilia mjadala huu na naona kuna jambo ambalo halijaguswa. Kila timu hukutana na wenzake watatu wa divisheni yake mara mbili, nyumbani na ugenini. Hiyo ni michezo 12, na kama hakuna sare, lazima itoe ushindi 12 na vipigo 12, iwe divisheni ya mabingwa au ya wanyonge. Kwa hiyo ushindi huo wa ndani hautuambii chochote kuhusu nguvu ya divisheni ikilinganishwa na nyingine. Kinachotuambia ni ile michezo 44 inayochezwa dhidi ya watu wa nje. Tukiitoa ile 12, NFC Kaskazini msimu uliopita inabaki na ushindi 33 na vipigo 11. AFC Magharibi ni 28 kwa 16, na NFC Mashariki ni 24 kwa 20. AFC Kaskazini na NFC Magharibi kila moja ni 22 kwa 22. AFC Mashariki ni 18 kwa 26, NFC Kusini 16 kwa 28, na AFC Kusini 13 kwa 31.

Mjomba Hamisi: Marahaba Rehema. Basi hesabu yako imenipa haki, tena kwa pengo kubwa.

Rehema: Imekupa haki kwa kiasi, Mjomba, kwa sababu inabidi pia tuulize hao watu wa nje walikuwa akina nani. Kila mwaka divisheni moja hupangiwa divisheni nyingine nzima ya konferensi yake na divisheni nzima ya konferensi ya pili, kwa zamu. Mwaka jana NFC Kaskazini ilipangiwa NFC Magharibi na AFC Kusini, ambayo ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Nimepitia mchezo mmoja mmoja. Dhidi ya AFC Kusini timu zenu zilishinda 14 na kupoteza 2, na vipigo hivyo viwili vyote vilikuwa vya Bears, mbele ya Texans na Colts. Dhidi ya NFC Magharibi mlishinda 12 na kupoteza 4. Katika michezo 12 iliyobaki, ile mnayokutana na timu zilizomaliza nafasi sawa na yenu katika divisheni nyingine, mlishinda 7 na kupoteza 5. Hiyo 7 kwa 5 bado ni nzuri, lakini haitishi kama 33 kwa 11.

Mjomba Hamisi: Hapo nina pingamizi. AFC Kusini ilikuwa na ushindi 25 tu kwa sababu, miongoni mwa mengine, sisi ndio tuliowafunga mara 14. Huwezi kumpiga mtu kisha ukaambiwa kwamba ushindi wako hauna thamani kwa kuwa aliyepigwa amechubuka.

Rehema: Pingamizi lako lina msingi, Mjomba, na ndiyo maana nilijaribu kuwaondoa ninyi katika hesabu yao. Ukitoa michezo yao dhidi ya NFC Kaskazini, na ukitoa ile ya ndani ambayo lazima iwe 12 kwa 12, AFC Kusini inabaki na ushindi 11 na vipigo 17 dhidi ya wengine wote. Kwa hiyo walikuwa wanyonge hata kabla hamjawagusa, ingawa si wanyonge kama jedwali linavyowaonyesha. Kwangu mimi NFC Kaskazini inabaki ya kwanza kwa mwaka 2024, ila umbali kati yake na AFC Magharibi unapungua.

Idi (Dallas): Shikamooni nyote. Naomba kusema juu ya Parsons, kwa sababu huku hakuna anayezungumza jambo jingine. Katika misimu minne ameangusha makwotabeki mara 52 na nusu. Cowboys wamempeleka Green Bay, nao wamepata mlinzi Kenny Clark pamoja na nafasi mbili za raundi ya kwanza katika drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya kutoka vyuo) za 2026 na 2027. Packers wamempa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 188. Ninachotaka mkione ni kwamba uhamisho huu unabadilisha divisheni mbili kwa siku moja. NFC Mashariki imempoteza mtu ambaye makocha wa timu pinzani walikuwa wakipanga mchezo mzima ili kumkwepa, na makwotabeki wa Lions, Vikings na Bears watamkuta mbele yao mara mbili kila mmoja. Mimi ni wa Cowboys, na inaniuma kusema kwamba divisheni yetu imedhoofika wiki moja kabla ya kuanza.

Shangazi Mwanaidi: Pole sana, Idi. Lakini Cowboys hawakuwa nguzo ya divisheni mwaka jana hata Parsons akiwamo. Nguzo zilikuwa Eagles, ambao Saquon Barkley aliwakimbilia yadi 2,005, na Commanders wa kwotabeki kijana Jayden Daniels, ambao mwaka wake wa kwanza waliruka hadi ushindi 12. Wote wawili wapo.

Juma: Nirudi kwenye AFC Magharibi, na nianze na makocha. Andy Reid wa Chiefs, Sean Payton wa Broncos na Pete Carroll, ambaye sasa amekabidhiwa Raiders, wote wameshawahi kushinda Super Bowl wakiwa makocha wakuu. Wa nne ni Jim Harbaugh wa Chargers, aliyefika fainali hiyo na 49ers na kisha akaipa Michigan ubingwa wa vyuo. Sioni divisheni nyingine yenye safu ya makocha kama hiyo. Raiders walipoteza michezo yote sita ya ndani msimu uliopita, nao sasa wana Geno Smith kama kwotabeki na Ashton Jeanty waliyemchagua wa sita katika drafti. Broncos, juu ya ulinzi waliokuwa nao, wamewaongeza Dre Greenlaw na Talanoa Hufanga kutoka San Francisco, na Patrick Surtain ndiye mlinzi bora wa ligi wa mwaka 2024. Jambo pekee linalonipa wasiwasi ni Chargers kumpoteza Rashawn Slater, aliyeumia goti mazoezini mapema mwezi huu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akilinda upande wa kushoto wa kwotabeki wao Justin Herbert.

Mjomba Hamisi: Hoja ya makocha naikubali. Na kwa haki, niseme pia kilichotupungukia sisi. Kwotabeki Sam Darnold ameondoka Vikings na kwenda Seahawks, na nafasi yake imechukuliwa na J.J. McCarthy, ambaye alikaa nje msimu mzima uliopita kwa jeraha la goti na hajawahi kucheza mchezo rasmi hata mmoja. Isitoshe, timu yangu, Vikings, itakuwa Dublin tarehe 28 Septemba dhidi ya Steelers, na wiki moja baadaye London dhidi ya Browns. Lions nao wamewapoteza waratibu wote wawili, wa mashambulizi na wa ulinzi, kwa mkupuo: Aaron Glenn amekwenda kuongoza Jets, na Ben Johnson amehamia kuongoza Bears kwako Chicago, Rehema. Mchezaji wao wa katikati ya safu ya mbele, Frank Ragnow, amestaafu. Timu iliyofunga alama 564 haiporomoki kwa siku moja, lakini siwezi kudai kwamba itakuwa ile ile.

Rehema: Kuhusu Bears niruhusuni nieleze kidogo, kwa sababu ushindi wao 5 unaficha mengi. Mwezi Novemba mwaka jana walicheza michezo mitatu mfululizo ya divisheni. Dhidi ya Packers walikuwa nyuma 20 kwa 19, Cairo Santos akapiga mpira wa kuwapa ushindi wakati saa inakwisha, na Karl Brooks wa Packers akaugusa kwa mkono. Wiki iliyofuata walifungwa na Vikings 30 kwa 27 katika muda wa nyongeza. Siku nne baadaye, Sikukuu ya Shukrani, walikuwa Detroit wakiwa nyuma 23 kwa 20. Kwotabeki wao Caleb Williams aliangushwa, zaidi ya sekunde 30 zikiwa zimebaki na timu ikiwa bado na nafasi moja ya kusimamisha saa. Hakuna aliyeisimamisha. Wachezaji walijipanga polepole, mpira ukarushwa mara moja tu, na muda ukaisha. Kocha Matt Eberflus alifukuzwa kesho yake. Michezo mitatu ilipotea kwa tofauti ya alama 7 kwa jumla. Williams aliangushwa mara 68 msimu mzima, na ndiyo sababu safu ya mbele imejengwa upya kwa kuwaleta Joe Thuney, Jonah Jackson na Drew Dalman. Timu ya mwisho ya divisheni ikiwa hivi, sioni mahali ambapo Lions, Packers au Vikings watapata mchezo wa kupumzikia.

Idi: Rehema, mwaka huu ratiba ikoje? Maana umetuonyesha kwamba ratiba ndiyo iliyokuza ile 33.

Rehema: Hilo ndilo ninalotaka tuliandike mapema, kabla matokeo hayajatupumbaza. NFC Kaskazini sasa inakutana na NFC Mashariki na AFC Kaskazini, ambazo mwaka jana zilikuwa na jumla ya ushindi 70. Safari iliyopita wapinzani wake walikuwa na 59. AFC Magharibi inakutana na NFC Mashariki na AFC Kusini, jumla 61. Ratiba laini ni ya NFC Magharibi, ambayo imepangiwa NFC Kusini na AFC Kusini, jumla 53 tu. Ifikapo Januari tutaona Rams, Seahawks na 49ers wakiwa na rekodi za kupendeza, na watu watasema hiyo ndiyo divisheni ngumu kuliko zote. Huenda ikawa kweli, kwa kuwa Rams ni timu nzuri, lakini mtakapoisikia kauli hiyo ulizeni kwanza walimfunga nani. Mpangilio wangu ni NFC Kaskazini, AFC Magharibi, NFC Mashariki, NFC Magharibi, AFC Kaskazini, AFC Mashariki, NFC Kusini, na AFC Kusini.

Juma: Mimi nabadilisha mbili za kwanza, kisha nakubaliana na mengine yote. Vikings wana kwotabeki ambaye hajacheza na Lions wana waratibu wapya, wakati Chiefs wameshinda divisheni yao miaka tisa mfululizo na nyuma yao kuna timu mbili zinazopanda.

Mjomba Hamisi: Nami nabaki na Kaskazini. Jana ningesita, leo Parsons yuko Green Bay. Tarehe 7 Septemba Lions watakwenda kwa Packers, na kesho yake Vikings watakuwa Chicago, kwa hiyo ndani ya siku mbili tutawaona wote wanne.

Shangazi Mwanaidi: Nafasi ya tatu siikubali, na sababu yangu ni hesabu hiyo hiyo ya Rehema. NFC Mashariki mwaka huu inakutana na NFC Kaskazini na AFC Magharibi, yaani zile mbili mnazoziweka juu yetu, zenye jumla ya ushindi 85. Giants wana ratiba ngumu kuliko timu zote 32 kwa kipimo cha rekodi za mwaka jana. Eagles na Commanders wakitoka humo kila mmoja akiwa na ushindi 10 au zaidi, nitaomba Rehema aipige hesabu hii upya hapa hapa kwenye kikundi, kabla ya mtoano kuanza.

Rehema: Nitaipiga, Shangazi, na nitaanza na michezo yenu dhidi ya hizo mbili.