Majimbo ya Marekani yalianza lini kuwaandikisha washawishi wa bungeni?

Mkulima wa Pasua, Moshi
Ndugu zangu, chama chetu cha ushirika kimemwajiri mtu wa kutusemea mbele ya wabunge kuhusu tozo za kahawa, na katika kikao mjumbe mmoja aliuliza ni nani anayejua kazi ya mtu huyo zaidi yetu sisi tunaomlipa. Nasikia kwamba Marekani watu wa namna hiyo huandikishwa na kila jimbo. Je, walianza na katazo au na daftari?

Wakili wa Njiro, Arusha
Walianza na katazo, ndugu yangu. Katiba ya Georgia ya mwaka 1877 ilitamka kwamba ushawishi wa bungeni ni jinai, na katiba ya California ya 1879 ikaufanya kosa kubwa pale unapotumia hongo, vitisho au hila. Ugumu ulikuwa kwamba mwananchi ana haki ya kumwendea mbunge wake, hivyo huwezi kumfunga mtu kwa sababu tu amebisha hodi. Ndiyo maana Massachusetts, mwaka 1890, ilichukua njia nyingine: mawakili na mawakala wanaolipwa waandikwe daftarini pamoja na waajiri wao, na gharama zitolewe hesabu baada ya kikao cha bunge. Wisconsin ilifuata mwaka 1899. New York ilingoja hadi 1906, baada ya uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Charles Evans Hughes kufichua jinsi kampuni za bima ya maisha zilivyotumia fedha za wateja kuwalainisha wabunge.

Mzee wa Sakina
Wakili amesema kweli, ila daftari peke yake halimtishi mtu. Artie Samish, aliyewasemea watengenezaji wa bia huko California, alipigwa picha gazetini mwaka 1949 akiwa amempakata mwanasesere aliyewakilisha bunge la jimbo! Aibu hiyo ndiyo iliyolisukuma bunge kutunga sheria ya kuwaandikisha washawishi, lakini meno yalikuja mwaka 1974, wapigakura wenyewe walipopitisha sheria iliyomzuia mshawishi kumpa kiongozi zawadi zinazozidi dola 10 kwa mwezi. Sisi tuliokumbana na takrima, ule ukarimu wa wagombea kwa wapigakura uliokuwa umeruhusiwa kisheria, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006, tunaielewa hesabu hiyo bila mkalimani.

Mkulima wa Pasua, Moshi
Shikamoo mzee, nashukuru. Je, nikiwaandikia wabunge barua mwenyewe, nami ni mshawishi?

Wakili wa Njiro, Arusha
Kwa kawaida hapana, kwa kuwa majimbo mengi humtazama anayelipwa kusema kwa niaba ya mwingine, ingawa kiwango cha malipo au muda kinachomlazimu kujiandikisha hutofautiana, na mianya mingi imo humo. Kwa chama chenu, mtakeni mtu wenu aandike kila mwezi amekutana na nani, kuhusu tozo ipi, na nani alilipia chakula.